Skafu Nyekundu ya Udongo: Maisha na Kazi ya Leoncillo Leonardi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wetu wa ufinyanzi na uchongaji, na wageni wote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kumzungumzia mtu ambaye kazi zake nimezifundisha kwa miaka mingi na bado zinanipa maswali. Mtu huyo ni Leoncillo Leonardi, Mwitalia aliyezaliwa katika mji wa Spoleto tarehe 18 Novemba 1915, ambaye ulimwengu wa sanaa umezoea kumwita kwa jina lake la kwanza peke yake, Leoncillo. Sitaanza na kuzaliwa kwake. Nitaanza na skafu.

Katikati ya miaka ya 1950 alipewa kazi ya kufinyanga sanamu ya kusimamishwa mjini Venice, kwa heshima ya wanawake wa jimbo la Veneto waliopigana dhidi ya Wajerumani na Wafashisti katika Vita Kuu ya Pili. Wapiganaji wale walijiita partigiani, na wanawake wao walibeba ujumbe, dawa, risasi, na wengine walishika bunduki. Leoncillo akamfinyanga mwanamke amesimama na bunduki yake, mwili wake umekatwakatwa katika pande zenye kingo kali kama jiwe lililopasuliwa, na shingoni akamvika skafu nyekundu. Walioagiza kazi walipoiona wakasita. Nyekundu, walisema, ni rangi ya Wakomunisti, na katika vita ile walipigana pia Wakatoliki, Wasoshalisti, watu wa vyama vingine na wasio na chama chochote. Wakamwomba skafu ibadilishwe rangi.

Ningependa wanafunzi wetu walifikirie ombi lile kwa jicho la mfinyanzi. Kama sanamu ingekuwa ya mbao, angenunua kopo la rangi akaimaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Lakini ya udongo uliochomwa haipakwi namna hiyo. Rangi yake ni unga wa madini uliochanganywa na mchanga laini na vitu vya kuuyeyusha, ambao mfinyanzi huupaka juu ya udongo ukiwa mkavu na wa kijivu, hauonyeshi lolote la uzuri wake, kisha huurudisha motoni. Shaba hutoa kijani, kobalti hutoa buluu, manganizi hutoa zambarau iliyoelekea kahawia, na bati huifanya nyeupe iwe nzito kama maziwa. Nyekundu ni miongoni mwa rangi ngumu kuliko zote kuzipata tanurini. Moto ukishafika mahali pake, unga ule huyeyuka na kuwa ngozi ya kioo iliyoshikana na udongo ulio chini yake, na tangu hapo huwezi kuivua ngozi hiyo bila kuujeruhi mwili. Kwa hiyo Leoncillo hakubadilisha skafu. Alimfinyanga mwanamke mwingine, tangu kitako hadi kichwa, akamchoma upya akiwa na skafu ya rangi iliyofifia. Yule wa kwanza akabaki kama alivyo.

Nimeona nianze hapo kwa sababu mwanafunzi anayeielewa habari ya skafu hii ameuelewa nusu ya uhai wa Leoncillo. Wachongaji wengi wa zama zake waliitazama rangi kama nguo anayovikwa mtu aliyekwisha kuumbwa. Yeye alishikilia kwamba rangi na udongo ni kitu kimoja, vinazaliwa pamoja katika moto mmoja, na hilo alilishikilia tangu ujana wake, alipokuwa akifinyanga nguva na majini, hadi mwisho, alipokuwa hafinyangi tena kitu chenye umbo la mtu.

Sasa turudi Spoleto. Mji huo uko Umbria, katikati ya Italia, nchi ya vilima na ya wafinyanzi wa siku nyingi. Hapo jirani kuna Deruta, ambako tangu karne za nyuma watu wameishi kwa kutengeneza sahani na magudulia ya maiolika, yaani vyombo vya udongo vilivyovikwa ngozi nyeupe ya bati na kuchorwa. Kuna pia Gubbio, uliosifika kwa vyombo vyenye mng'aro wa dhahabu. Firenze, kwa upande wa kaskazini, katika karne ya 15 ukoo wa della Robbia ulifinyanga Bikira Maria na malaika wa buluu na nyeupe ambao hadi leo hawajapauka. Mtu aliyelelewa katika nchi kama hiyo hahitaji kuambiwa kwamba udongo unaweza kubeba mambo makubwa. Hata hivyo, wakati wa ujana wa Leoncillo, wakubwa wa sanaa waliupanga udongo katika daraja la chini, pamoja na masufuria na mapambo ya nyumbani, huku marumaru na bronzi zikikaa kiti cha mbele. Sisi tunasema mfinyanzi hulia gaeni. Kule gae hilo alipewa hata aliyekuwa hafinyangi sahani.

Alisoma shule ya sanaa Perugia, kisha mwaka 1935 akahamia Roma kuendelea na masomo. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, serikali ya Mussolini iliivamia Ethiopia. Nalitaja hilo kwa sababu hapa petu vita ile si habari ya mbali. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa 1941, babu zetu waliovalishwa sare za KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, walivuka mpaka kutoka Kenya kuingia Somalia kupigana na jeshi la utawala uleule, na mwezi Februari mji wa Mogadishu ukaanguka. Utawala ambao Leoncillo angekuja kuupinga kwao ni ule ambao wazee wetu walikutana nao huku, na tunapomsikiliza yeye tunasikia upande mwingine wa historia yetu wenyewe.

Mwaka 1939 aliondoka Roma akaenda Umbertide, mji mdogo wa Umbria, kufanya kazi katika kiwanda cha seramiki cha Rometti. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1927 na kilikuwa na jina kwa weusi wake unaong'aa na kwa kuwaalika wasanii wa kisasa kubuni vyombo. Nadhani miaka hii mitatu ya Umbertide ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa, kuliko darasa lolote. Chuoni mtu hujifunza umbo. Kiwandani hujifunza moto, na moto hauna upendeleo.

Niruhusuni niwaeleze hili kwa kituko cha mikono yangu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilifinyanga kichwa cha mtu mzima, nikakipenda, nikaacha shingo ikiwa nene bila kuichimba ndani, kwa kuwa nilikuwa na haraka na nilijiaminisha kwamba kimekauka. Kwa nje kilikuwa kikavu kweli. Nikakiingiza tanurini pamoja na kazi za wanafunzi wanane. Saa ya tatu ya moto tukasikia mlio kama wa tofali linaloanguka sakafuni, kisha mwingine. Maji yaliyojificha katika unene wa shingo yaligeuka mvuke, na mvuke ukatafuta njia. Tulipofungua siku ya pili, kichwa kilikuwa mchanga na vigae, na vipande vyake vilikuwa vimetoboa kazi za vijana watano. Nilifagia tanuri mwenyewe. Udongo unataka kuwa mtupu ndani, kuta zake zilingane unene, ukauke taratibu hadi moyoni, na hata ukifanya yote hayo utasinyaa. Kuna udongo unaopoteza sehemu moja katika kumi ya urefu wake kati ya siku ya kuufinyanga na siku ya kuutoa motoni. Anayefinyanga kitu cha kimo cha mtu lazima akikate vipande, achome kila kipande, na aombe vipande vyote visinyae kwa kiasi kimoja ili viweze kukutana tena.

Kwa ujuzi wa namna hiyo alitengeneza mwaka 1939 viumbe ambavyo wenzake hawakujua waviite nini: Arpia, ndege mwenye sura ya mwanamke, Sirena, nguva, Ermafrodito, mwenye jinsi mbili, na mtakatifu Sebastiani, kijana Mkristo wa Roma ya kale ambaye mapokeo yanasimulia kwamba alifungwa mtini akapigwa mishale. Miili hiyo imejikunja, imelowa, kama iliyotoka majini sasa hivi. Ngozi ya kioo imeachwa itiririke juu yake, ikajikusanya katika mashimo na kupungua juu ya mifupa, kiasi kwamba huwezi kusema hapa pameishia nyama na hapa pameanza rangi. Zilikuwa zama ambazo serikali ilipenda sanamu za wanaume wenye vifua vipana, wasio na doa. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi ambayo ingefaa kusimama mlangoni kwa jengo la serikali. Mwaka 1940 msanifu Gio Ponti alimwalika katika maonyesho ya Triennale ya Milano, na akatunukiwa medali ya dhahabu, ingawa ilikuwa katika fungu la sanaa za mapambo. Hata katika sifa, gae lilikuwa palepale.

Mwaka 1942 alirudi Roma, akawa mwalimu wa seramiki. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaukalia mji, na Roma haikukombolewa hadi tarehe 4 Juni 1944. Leoncillo alikuwa upande wa wapinzani, na mwaka huohuo wa ukombozi, katika maonyesho yaliyopewa jina la sanaa dhidi ya unyama, aliweka mbele ya watu sanamu ya mama wa Kirumi aliyeuawa na Wajerumani. Mama huyo ameanguka. Hakuna malaika wala taji. Ngozi ya kioo iliyokuwa maji ya bahari juu ya nguva, sasa ni kitu ambacho mtazamaji hapendi kukitaja.

Baada ya vita alijiunga na wasanii wa Fronte Nuovo delle Arti, waliotaka sanaa ya Italia ifungue madirisha yaliyokuwa yamefungwa kwa miaka 20, akakutana na mafunzo ya Picasso, na kwa muda maumbo yake yakawa ya pande kali zinazogongana. Alimfinyanga mpiga taipu, alimfinyanga mwanamke wa kuunganisha simu, watu wa kazi za kila siku. Wapo wanaozipenda sana kazi za kipindi hiki. Mimi huona kwamba katika baadhi yake Chama cha Kikomunisti, ambacho yeye alikuwa mwanachama wake, kimekaa mezani pamoja na msanii na kinasema zaidi yake. Hata hivyo mwaka 1954 Roberto Longhi, mwanahistoria wa sanaa ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mtu yeyote Italia, aliandika kitabu kizima juu yake. Mfinyanzi aliyekuwa amewekwa fungu la mapambo akapewa kiti cha mchongaji. Katika mwaka uleule Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, ikampa chumba chake mwenyewe.

Na hapo ndipo tunapoikuta tena skafu. Sanamu ya pili, ile yenye skafu isiyo nyekundu, ilisimamishwa mwaka 1957 katika bustani za Castello, juu ya kitako cha zege kilichobuniwa na Carlo Scarpa, msanifu wa Venice aliyejua kuyaheshimu mawe madogo kama makubwa. Lakini kati ya kukataliwa kwa sanamu ya kwanza na kusimamishwa kwa ya pili, jambo lilitokea. Mwezi Novemba 1956 vifaru vya Urusi ya Kisovieti viliingia Budapest kuwazima Wahungaria waliosimama kudai uhuru wao. Leoncillo alijitoa katika Chama cha Kikomunisti. Fikirini hali yake: alikuwa ameinyima nchi nzima rangi aliyoiamini, kwa kuombwa, na sasa rangi ileile ilikuwa imemtoka moyoni kwa sababu nyingine kabisa. Hakuhamia chama kingine. Aliurudia udongo.

Katika miaka ile alianza kuandika katika daftari dogo mawazo yake ya kazini, na humo aliandika kwamba udongo ni mwili wake mwenyewe. Maneno hayo wengi huyachukua kama ushairi. Mimi naomba tuyachukue kama maelezo ya kazi, kwa sababu mikono yake ilibadilika hasa. Hadi wakati ule alikuwa anaongeza: donge juu ya donge, kidole kikisukuma, sura ikijitokeza. Sasa akaanza kukata. Kila mmoja wenu aliyewahi kukanda anaijua waya ile nyembamba yenye vipini viwili. Unaupitisha waya katikati ya bonge lenye uzito wa mtoto, unauvuta kwako, na bonge linafunguka bila sauti. Nyuso mbili zilizokuwa zimejificha gizani zinatokea, zinang'aa kwa maji, zimebeba kila jiwe dogo na kila mapovu ya hewa uliyosahau kuyatoa. Wengi wetu tunazilaza haraka na kuendelea kukanda. Leoncillo alisimama akazitazama. Aliona kwamba uso ule wa ndani unasema kweli kuliko uso wowote ambao mkono ungeweza kuuchonga, kwa sababu hakuna aliyeupanga.

Ndipo zikazaliwa zile nguzo zake: matofali makubwa ya udongo yaliyokatwa, kuraruliwa, kupandana moja juu ya jingine, yenye magamba kama ya mti uliopigwa radi, huku rangi ikiwa imebaki tu pale penye jeraha. Sehemu kubwa ni ya kijivu, ya majivu, nyeupe iliyoungua. Kisha katika mpasuko unaona wekundu uliolowa. Alizipa majina kama Vento rosso, yaani upepo mwekundu, ya mwaka 1958, na Tempo ferito, wakati uliojeruhiwa, ya mwaka 1963. Na mtakatifu Sebastiani akarudi. Mwaka 1939 alikuwa kijana mwenye mikono, kifua na kichwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 ni shina lililosimama, limekatwa, halina hata jicho, na bado hakuna anayelitazama akashindwa kujua kwamba kuna aliyechomwa mishale. Wengi humlinganisha na Lucio Fontana, ambaye tangu mwaka 1958 alichana turubai zake kwa kisu na ambaye naye alikuwa mtu wa udongo kwa muda mrefu. Ulinganisho una haki yake, lakini mchano wa Fontana ni safi, unafungua nafasi nyuma ya turubai. Mpasuko wa Leoncillo haufungui nafasi. Unaonyesha nyama.

Wakati akiwa katika kazi hizo, usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1961, Wafashisti mamboleo walitega bomu katika bustani za Castello. Sanamu ya mwanamke mpiganaji ikavunjwa vipande. Bronzi ingepinda, na fundi angeweza kuinyosha. Marumaru ingepasuka, na mtu angeiunga. Udongo uliovikwa kioo hutawanyika. Nimejiuliza mara nyingi kama wale waliotega walifahamu kwamba skafu waliyoilipua haikuwa hata nyekundu, kwamba ilikuwa imepunguzwa rangi makusudi ili isimuudhi mtu. Haikusaidia kitu.

Mji uliweka sanamu nyingine baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, ya Augusto Murer: mwanamke wa bronzi amelala ukingoni mwa maji, juu ya mawe yaliyopangwa na Scarpa yuleyule, na maji ya bahari humpanda na kumshukia kila siku. Ni kazi nzuri na ya huzuni. Lakini ni ya mwanamke aliyekwisha kufa. Wa Leoncillo alikuwa amesimama.

Yeye mwenyewe hakupata muda mrefu. Mwaka 1968 Biennale ilimpa tena chumba, katika kiangazi cha maandamano ambapo wanafunzi na polisi walikabiliana mbele ya milango ya maonyesho. Tarehe 3 Septemba alifariki Roma, akiwa na umri wa miaka 52. Siku nne baadaye akafariki Fontana. Siku nyingine nne zikapita, akafariki Pino Pascali, kijana wa miaka 32 aliyekuwa tumaini la kizazi kilichofuata. Sanaa ya Italia ilizika watatu ndani ya siku tisa, na nadhani kelele za misiba ya wawili waliofuata zilichangia Leoncillo kusahaulika mapema nje ya nchi yake, pamoja na lile tatizo la zamani, kwamba vitu vyake ni vizito, vinavunjika, na wenye makumbusho wanaogopa kuvisafirisha.

Wanafunzi wangu huniuliza, ukifika Venice utaona nini. Katika bustani za Castello utakiona kitako cha Scarpa, zege tupu, bado kipo. Kisha panda boti hadi jumba la Ca' Pesaro, kwenye mfereji mkuu. Humo ndimo alimo mwanamke wa kwanza, yule aliyekataliwa, ambaye kwa kukataliwa hakusimamishwa bustanini na kwa hiyo bomu halikumkuta. Bunduki anayo. Skafu ipo shingoni, na kwa kuwa rangi yake ilipikwa pamoja na udongo wake, ni nyekundu kama siku ilipotoka tanurini.